Polepole, Yasivunjike

Hii habari ni ya kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Papa Adalbert ameiapia kwa kaburi la mama yake, kwa leseni yake ya magari makubwa, na kwa meno yake mawili ya mbele, ingawa hayo meno yalitengenezwa na daktari. Mwenye kutia shaka apande mpaka Bagira, aulize nyumba ya yule muzee aliyewahi kuteremsha lori mpaka Uvira bila usukani, kwa kuinamia tu upande huu na upande ule. Watamwonyesha. Watacheka kwanza, kisha watamwonyesha.

Shida yake ilikuwa hapo. Udereva alistaafu, mgongo ulikuwa umeukataa, lakini ulimi wake haukujua habari za kustaafu. Alisimulia juu ya mamba wa Ruzizi aliyemsaidia kusukuma gari lililokwama, na kwamba yule mnyama alikataa shukrani. Alisimulia juu ya ukungu wa mlima Ngomo, mzito kiasi kwamba aliukata kwa panga na kuupakia nyuma ya lori ili wenye kufuata wapate njia. Watu walimsikiliza kwa raha, wakamwita muongo kwa raha hiyo hiyo, na yeye hakuona ubaya. Kati ya habari zake zote, moja tu ndiyo aliyotaka iaminiwe.

Enzi hizo alikuwa kijana, anapakia samaki wa chumvi na mafuta ya mawese kutoka Uvira kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Bukavu. Lori lenyewe liliandikwa VUMILIA juu ya kioo cha mbele, na jina hilo lilikuwa linawahusu abiria. Siku moja, pale Kamanyola, msichana wa Nyangezi aliomba kupandishwa mpaka kwao. Jina lake Emérence. Akaketi mbele, karibu na dereva. Wakaanza kuupanda Ngomo kwa gia ya kwanza, injini inalia kama inachinjwa, mabati yanagongana, na katika kona ya juu kabisa, pale ambapo bonde lote la Ruzizi linaonekana huko chini kama mkeka uliotandikwa, Adalbert akageuza kichwa na kusema kwa nguvu zake zote:

"Emérence, tubebe pamoja haya maisha?"

Na msichana akajibu, kwa kile Kiswahili kilichonyooka alichofundishwa na masista:

"Ndiyo, lakini polepole, yasivunjike."

Basi. Habari ni hiyo. Papa Adalbert aliisimulia kwenye ndoa, kwenye ubatizo, na mara moja hata kwenye kilio, mpaka mjane akatabasamu. Watu waliomcheka kwa mamba walifuta machozi kwa hili. Msichana wa kijijini, ndani ya kelele ile yote, kutoa jibu kama hilo! Maisha, polepole, yasivunjike. Wajukuu walilijua kabla hawajaijua Baba Yetu. Na mjukuu wake Élodie, mtoto wa binti yake Francine, alipopata mchumba na ndoa ikapangwa kufanyika Nyangezi, alikuja na habari kwamba maneno hayo yataandikwa kwenye kitambaa kirefu cheupe, kitatungikwa juu ya meza ya maharusi, na kwamba koko wake, yaani babu yake, atasimama mbele ya watu wote kueleza yalikotoka.

Papa Adalbert alikwenda kununua dawa ya viatu siku ile ile.

Jioni alimkuta mke wake uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Mama Emérence hakuinua macho.

"Papa Francine."

"Karibu, maman."

"Nyangezi ni kwetu."

"Najua. Nilikupata ku njia ya kwenda kule."

"Basi usiende kusema ile uongo yako mbele ya batu ya kwetu."

"Uongo gani? Ya mamba?"

"Ya maisha."

Papa Adalbert alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Maman, ile njo moja ya kweli niko nayo!"

"Hapana." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe. "Ulisema mayai."

"Mayai?"

"Nilikuwa na kitunga ya mayai ku magoti, tantine alinipatia ya kupelekea mama. Ukaniangalia, ukauliza: tubebe pamoja haya mayai? Nikakujibu: ndiyo, lakini polepole, yasivunjike. Mayai, Papa Francine. Mayai njo inavunjika."

Muzee alihisi kama mtu aliyekanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini bila kukuta kitu. Miaka yote hiyo alikuwa na ndoa mbili: ile ya kanisani, ambayo kila mtu anayo, na ile ya kwenye kona ya Ngomo, ambayo ilikuwa yake peke yake. Sasa anaambiwa kwamba ile ya pili ilikuwa omuleti.

"Na juu ya nini haukusema tangu zamani?"

"Ningesema ya nini? Batu walikuwa wanafurahi. Wewe pia ulikuwa unafurahi. Maneno ya mdomo inapita. Lakini sasa wataiandika ku kitambaa, herufi kubwa hivi. Mimi sitakaa chini ya uongo yenye kuandikwa, mbele ya ndugu zangu. Ukisimama kuisema, nami nitasimama."

"Ulisikia mubaya! Ni ile kamio, ile VUMILIA. Kelele ya ile kamio ilikuwa inafisha masikio."

"Masikio yangu iko mazima."

"Basi turudie pale! Ku kona ile ile. Niseme vile nilisema, usikie vile ulisikia."

Mama Emérence alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na gari gani? Hii yako? Hii inalia kuliko ile kamio. Nikisema nimesikia mayai, utasema tena ni kelele."

Na hapo alisema kweli. Gari la Papa Adalbert lilikuwa Toyota ndogo iliyotoka Japani ikiwa na usukani upande wa kulia na umri wa kutosha, na kila kiungo chake kilikuwa na sauti yake. Milango iliimba. Bati la chini ya miguu lilinguruma. Buti lilikuwa na kikohozi. Lilipokuwa likipanda barabara ya Bagira, wenye nyumba za kandokando walijua ni nani anarudi na kama ameshiba. Ndani ya gari hilo hawa wawili hawakuongea kabisa. Mama Emérence alifunga kitambaa chake juu ya masikio, akashika rozari, na kila mtu akasafiri na mawazo yake.

"Nitaifanya inyamaze," alisema Papa Adalbert.

"Utaweza?"

"Nilishawahi kunyamazisha radi."

"Basi tusikilizane. Gari ikinyamaza, na nikasikia maisha, nitasimama ku ndoa niseme mbele ya wote kwamba mimi njo nilikosea. Lakini nikasikia mayai, utalipa amande, faini."

"Sema amande yako."

"Mayai ya kuchemsha. Kwa batu ya kwetu yote. Utapita na ndoo ku mkono, na chumvi, na pilipili, unamenya wewe mwenyewe, kama wale wenye kuuzisha ku barabara."

"Na kositimu yangu, ile suti nyeusi?"

"Ndani ya kositimu."

Wakapeana mikono juu ya maharagwe.

Donatien alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, ana karakana yake kwenye kilima, mahali ambapo gari likiachwa bila jiwe nyuma ya gurudumu linakwenda lenyewe kuoga ziwani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kanisa, na alipofungua na kufunga mlango wa ile Toyota alishika kifua.

"Muzee, hii si mulango, ni sahani ya bati. Unataka nini?"

"Nataka mtu akiwa ndani asikie hata sindano ikianguka."

"Sindano! Uko na nani wa kusikiliza?"

"Bibi yangu."

"Ah." Donatien aliacha kucheka. "Basi ni kazi ya maana."

Akamwonyesha. Aligonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole, likasema *ngaaa*, sauti ikaendelea kutembea. "Unasikia? Ni ngoma. Barabara inaipiga, nayo inakupigia wewe." Akabandika katikati yake kipande cha karatasi nzito ya lami yenye mgongo wa aluminiamu, ile ile wanayozibia mapaa yanayovuja, akaikandamiza kwa chupa tupu kama mwanamke anayesukuma chapati. Akagonga tena. *Du.* "Ngoma imekufa. Hauna lazima ya kufunika yote. Unaweka uzito fasi yenye inatetemeka. Juu yake unatia musi, sponji kama ya godoro, na tapi ya kufunika, ili inywe kelele yenye imebakia. Alafu mipira ya mulango unabadilisha, juu ya upepo. Kelele ni kama maji, muzee. Inapita fasi yenye iko wazi."

"Nitafanya mwenyewe."

"Utafanya mwenyewe?"

"Mimi njo nilifundisha Wajapani."

Donatien alimwuzia mabaki ya lami na kumtakia baraka.

Papa Adalbert aling'oa viti akavitandaza uani kama mtu anayehama. Chini ya viti hivyo alikuta maisha yake yote, na hakuwa amejiandaa. Kibanio cha nywele cha Emérence, cha wakati nywele zake zilikuwa nyeusi. Punje za mchele wa ndoa ya Francine, zimekauka kama meno ya mtoto. Karatasi ya pipi. Kandambili moja ya Élodie, ndogo kama kiganja, ile waliyoitafuta kutwa nzima walipokwenda kula samaki kando ya ziwa, hata mtoto akalia na Papa Adalbert akamwambia kwamba bata amekwenda nayo kuoa. Aliikalisha kwenye mkono wake muda mrefu. Halafu akaichukua akaiweka ndani, kwenye kabati, karibu na rozari.

Sakafu aliikwangua kutu, akaipangusa na petroli kidogo, akaisubiri ikauke. Alibandika lami, akasukuma na chupa mpaka mabega yakauma. Kwa musi alikosa la kufanya, kisha akakumbuka godoro la Francine, lile la utoto wake, lililokuwa limesimama nyuma ya mlango tangu aolewe. Akalikata kwa kisu cha jikoni. Kila kipande alichokata kilikuwa na harufu ya sabuni ya zamani, na alipokuwa akikitia kati ya bati na kapeti alikuwa anajua kabisa: hapa ndipo alipokuwa anaweka kichwa, hapa alikojoa usiku ule tuliporudi kutoka Walungu na mvua.

"Unalia?" Emérence aliuliza kutoka jikoni.

"Ni lami. Inachoma macho."

Na kwa kuwa alitaka kazi iwe kamili, aliziba kila tundu aliloliona. Yale ya juu, yale ya kati, na yale madogo ya chini kabisa ya milango, ambayo hakuelewa Wajapani waliyaweka kwa faida gani. Akafunga mlango. Ukasema *pup*, kama kopo la unga. Akaketi ndani, akasikia saa yake ya mkononi, ambayo aliamini ilikufa zamani.

Siku ya pili mvua ikanyesha, mvua ya Bukavu, isiyojua kuongea polepole. Asubuhi Papa Adalbert alikwenda kumshukuru Donatien. Gari lilikuwa kimya kabisa. Lakini kila alipopiga kona, kitu ndani ya mlango kilisema *cholo-cholo*, na alipofunga breki kikasema *pwaa*.

Donatien alisikiliza, akapiga magoti, akatia bisibisi chini ya mlango. Maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake.

"Muzee! Uliziba matundu ya chini?"

"Nilifikiri kelele inapitia pale."

"Maji njo inapitia pale! Mvua ikiingia ku kioo inatokea chini. Uko na ziwa ndani ya mulango!"

Akafungua yote manne huku anacheka mpaka wapita njia wakasimama. Na jioni hiyo Bagira nzima ilikuwa imekwisha kusikia kwamba Papa Adalbert amepata sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, ndani ya mlango wa gari, ndoo nzima, na kwamba wale wa upande wa dereva walikuwa watamu zaidi.

Walikwenda siku mbili kabla ya ndoa, asubuhi, ili asije mtu akasema jua lilichosha masikio. Mama Emérence alivaa pagne yake nzuri ya kitenge. Alikuja na kitunga, na ndani yake mayai, yamepangwa juu ya majani ya migomba.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Papa Adalbert.

"Ulisema turudie vile ilikuwa. Mayai ilikuwako."

"Mimi sikumbuke mayai."

"Najua hukumbuke."

Walishuka Bagira, wakauvuka mji, wakapita Panzi, wakashika njia ya kusini. Mama Emérence alifunga kitambaa juu ya masikio kwa mazoea. Baadaye akakifungua upande mmoja. Halafu upande wa pili. Akageuka kutazama nyuma, kana kwamba mtu aliyekuwa anapiga kelele ameteremka bila kuaga.

"PAPA FRANCINE!" aliita.

Muzee nusura aingie mtaroni. "Maman, niko hapa!"

"Pole. Nimezoea." Akashusha sauti, akaijaribu kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. "Papa Francine."

"Eeh."

"Bile miti mirefu... ile ya pale. Walishaikata."

"Ile mikaratusi? Zamani."

"Mimi sikujua. Nilikuwa nafunga macho kila mara, juu ya kelele."

Na hivyo wakaanza. Aliuliza habari za kila kitu walichokipita, kwa sauti ya mezani, na yeye akajibu kwa sauti hiyo hiyo, na ajabu ni kwamba hakuongeza chumvi. Hapa ndipo tairi lilipasuka Francine akiwa tumboni. Pale palikuwa na mama mwenye kuuza kasiksi nzuri, pombe ya ndizi, amekufa. Ndani ya kimya kile uongo ulikuwa mgumu kutamka. Ulikuwa unasikika mara moja, kama *cholo-cholo* kwenye mlango. Alisikia punje za rozari zikigusana. Alisikia magoti yake mwenyewe. Alisikia jinsi mke wake anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo, kitu kidogo tu, na akajiuliza ni mambo mangapi alivutia pumzi hivyo na asiyaseme.

Kwa upande mwingine, na hili hakulisema, alizitamani kelele zake za zamani. Mlango wa nyuma uliokuwa unaimba kwenye kila daraja, yeye alikuwa anaujibu kwa mluzi. Sasa alipiga mluzi peke yake.

Waliipita Nyangezi bila kusimama, kwa sababu wakwe wangewakalisha mpaka jioni. Wakateremka Ngomo mpaka chini, wakageuza gari, wakaanza kupanda, kwa kuwa siku ile ya lori walikuwa wanapanda. Papa Adalbert alitia gia ya kwanza. Injini ilikuwa inafanya kazi yake huko mbele, mbali, kama jirani anayetwanga majani ya sombe nyuma ya ukuta.

Kona ilikuwa mahali pake. Bonde lilikuwa mahali pake, kijani na maji maji, na Ruzizi inapita katikati yake kama uzi ulioanguka. Lori ndilo halikuwapo, wala yule kijana. Papa Adalbert alikohoa. Alikuwa ameisema sentensi hiyo kwenye harusi nyingi kiasi kwamba ulimi ungeweza kwenda nayo peke yake akiwa amelala. Aligeuza kichwa.

Emérence alikuwa anamtazama. Ameketi wima, kitunga magotini, mikono yake miwili imekizunguka, kama siku ile. Anamngoja.

Na ndani ya kimya kile, kilichotengenezwa kwa lami na godoro la binti yao, hapakuwa na mahali popote pa kujificha. Akamkumbuka yule kijana, akamkumbuka kweli kweli, si yule wa kwenye harusi: jinsi alivyoifanyia mazoezi sentensi yake tangu Kamanyola, neno kwa neno, akiisema chini ya kelele ya injini bila mtu kumsikia, jinsi alivyongoja kona hii, jinsi msichana alivyomtazama hivi hivi, machoni, bila aibu, na jinsi sentensi ilivyofika mpaka kwenye meno na kuogopa.

"Emérence," alisema muzee, "tubebe pamoja haya... haya..."

Akaliona neno likimkimbia. Akaona kitunga.

"...mayai?"

Saa yake ilisikika.

Mama Emérence alianza kutetemeka kutoka tumboni. Alizuia, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kuinua kitunga juu kwa mikono miwili ili asiyaharibu mayai, na machozi yakamshuka.

"Njo vile! Njo vile ulisema! Na ile sura! Hata ile sura ni ile ile!"

"Ulimi umeteleza."

"Mara mbili? Ku kona moja?"

Papa Adalbert alisimamisha gari pembeni, akavuta breki ya mkono. Hakuwa na hadithi yoyote. Alipekua huku na huku ndani ya kichwa chake, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni, na hakukuta hata mamba.

"Kwa hiyo nilikuogopa," alisema mwishowe.

"Uliniogopa sana. Na baada ya pale ukaendesha mpaka Nyangezi kama mtu amebeba mgonjwa. Mayai ilifika yote mazima. Mama alishangaa."

"Na wewe haukunikubalia kitu chochote. Ulikubali tu nikushikie kitunga."

Emérence alipangusa macho kwa ncha ya pagne. Alilipanga vizuri yai moja lililokuwa limesogea. Papa Adalbert alisikia ile pumzi ndogo, ile ya kabla ya kusema.

"Wewe uliuliza mayai," alisema. "Sasa mimi, nani alikuambia kama nilijibu juu ya mayai?"

Muzee aligeuka mzima mzima kwenye kiti. Hapo hapo lori lililokuwa linapanda nyuma yao likapiga honi, honi ndefu ya mtu aliyekasirika, maana walikuwa wameziba nusu ya njia. Ilibidi kushusha breki, kutia gia, kuondoka. Alipopata nafasi akauliza tena, kwa haraka, macho barabarani:

"Maman, umesema nini pale?"

Mke wake alikuwa anatazama bonde. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Eh? Sikusikie," alisema. "Kelele."

Ndoa ilifanyika, misa ikawa nzuri, na ukumbi ukajaa watu wa Nyangezi waliokuja na njaa na macho. Juu ya meza ya maharusi kitambaa cheupe kilitungikwa kama ilivyopangwa, herufi kubwa, buluu: POLEPOLE, YASIVUNJIKE. Mama Emérence aliketi chini yake, kwenye safu ya wazee wa kike, uso mtulivu kama wa mtu ambaye haki imetendeka kwake.

Na katikati ya viti alipita Papa Adalbert, ndani ya kositimu nyeusi, viatu vinang'aa, ndoo ya mayai ya kuchemsha kwenye mkono wa kushoto, na kikopo cha chumvi na pilipili kimening'inia kidoleni. Alimenya. Alikata katikati. Alinyunyiza. Maganda yalikuwa yamejaa mifukoni mwake, kwa kuwa hakupewa mahali pa kuyatupa.

"Beau-frère," aliita shemeji yake Ignace kutoka kwenye kiti, mdomo tayari umejaa, "juu ya nini mayai? Na hotuba yetu iko wapi? Tumekuja kusikia ile ya maisha!"

Watu wakaanza kupiga makofi. Élodie, ndani ya shela yake, akanyoosha shingo. Papa Adalbert alisimama wima. Alivuta hewa. Yai likiwa limenyooshwa mkononi kama maikrofoni, akafungua mdomo.

"Ndugu zangu," alianza, "hii ni kweli tupu. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Siku moja ku mlima Ngomo, kuku mmoja mwenye..."

Macho yake yakakutana na ya Emérence. Hakuwa amesimama. Alikuwa ameinua tu kidole kimoja.

Papa Adalbert akafunga mdomo. Akatembea mpaka kwenye safu ya wazee wa kike, mbele ya ukumbi mzima uliokuwa unacheka bila kujua unacheka nini. Akapiga goti moja, na goti likalia, akachagua yai zuri kuliko yote ndani ya ndoo, akalimenya chini ya kile kitambaa, polepole, ganda likatoka lote bila kukwaruza mahali, akalitia chumvi, akampa mke wake kwa mikono miwili.

Mama Emérence akauma, akatafuna, akafikiri.

"Ongeza pilipili," alisema. "Na wale wa nyuma hawajapata."